Bata wa Baba Mkwe

Mvua ya Novemba ndiyo iliyowapeleka. Roswitha, jirani yangu hapa Vienna, alikuwa amemsihi mumewe Leopold miaka sita waende kwenye lile jumba kubwa la makumbusho ya michoro. Kila mara Leopold alikuwa na udhuru. Jumapili hiyo udhuru uliisha.

Katika chumba cha wachoraji wa Uholanzi walimkuta mwongoza wageni na kundi lake mbele ya picha ndogo: sungura wawili waliokufa, sufuria ya shaba, limau lililomenywa nusu. Alieleza kwamba ilikuwa na pacha wake, bata mahali pa sungura, limau lilelile. Zote zilikuwa za familia moja ya Kiyahudi iliyofukuzwa nyumbani kwake na Wanazi mwaka 1938, mali yake ikaporwa. Hii ya sungura ilirudishwa kwa mjukuu, naye akaitoa kwa makumbusho. Ya bata haijulikani iliko.

Kila Krismasi Roswitha alikula akimtazama bata huyo pichani, ukutani juu ya kabati la vyombo la baba mkwe wake.

"Umesikia?" akamuuliza mumewe.

Leopold alikuwa ameinamia ramani ya jengo. "Kusikia nini?"

"Leopold, usinifanye mtoto."

"Picha za bata zimejaa nchi nzima. Twende tukanywe kahawa."

Kama hakusikia, neno bata kalitoa wapi?

Mkahawani Leopold aliongea mfululizo, habari za paa, habari za gari, keki yake haijaguswa. Kisha akaondoka na simu yake, na aliporudi akasema baba hajisikii vizuri, wasiende kumwona wiki hiyo. Usiku huo akatoka na gari peke yake.

Kesho yake Roswitha alienda, na supu mkononi. Mzee Ottokar alifungua mlango kidogo tu.

"Mkwe wangu, leo sikukutarajia."

"Nimesikia unaumwa, Baba."

Mzee alionekana kushangaa. Hakuwa anaumwa. Juu ya kabati palikuwa na saa mpya, na kuizunguka, karatasi ya ukuta ilikuwa na mraba usiofifia rangi, ukubwa wa ile picha.

"Bata yuko wapi, Baba?"

Mzee aliketi. "Baba yangu alisema alimnunua. Mimi sikumuuliza zaidi. Na wewe usiniulize."

Roswitha aliacha supu mezani. Jioni, Leopold akiwa anaoga, alichukua funguo za gari na kufungua buti. Bata alikuwa amefungwa kwa blanketi la pikiniki. Akambeba hadi kwangu, akapiga simu makumbusho akiwa amesimama jikoni mwangu, koti bado mwilini.

Leopold alihamia kwa baba yake. Hakuna aliyeshtakiwa. Ila juzi Roswitha alitoa kabatini vijiko vya fedha, zawadi ya harusi kutoka kwa mzee, akavigeuza kimoja kimoja. Migongoni mlichongwa herufi mbili, na si za jina la ukoo wao.