Amepanda Viazi

Savelich alifungua zawadi yangu taratibu, akilikunja gazeti ili litumike tena, na sisi watano tukamsubiri mezani. Nje jua lilikuwa halijachomoza tangu Mei. Ilikuwa sikukuu ya katikati ya baridi, siku ambayo kila mtu kituoni humpa mwenzake kitu alichokitengeneza kwa mkono, na anayepewa husoma ujumbe wake kwa sauti. Kura yangu ilikuwa imemwangukia fundi wa jenereta. Nilimbembeleza mpishi, Tikhon, tubadilishane, kwa zamu mbili za kuosha vyombo, ili nimpate Savelich.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kazi yangu kupima upepo na theluji kwenye barafu ya kusini. Savelich alikuwa mkuu wa kituo cha utafiti na ndiye aliyeshika redio. Kila Jumamosi nilimpa salamu za kumtumia mama, kule nyumbani Vologda, na kila Jumatatu aliniletea jibu. "Mama hajambo. Amepanda viazi. Anakusalimia." Siku ile ya viazi nilicheka peke yangu kwenye theluji, maana mguu wa mama ulikuwa mbovu tangu mwaka uliotangulia. Nikasema, kumbe umepona.

Wiki tatu kabla ya sikukuu, zamu ya usafi ilikuwa yangu. Nilipokuwa nikifuta meza yake, droo ikafunguka. Salamu zangu zote za miezi miwili zilikuwa humo, hazijatumwa, na juu yake telegramu ya dada yangu. Niliiacha palepale hadi asubuhi ya sikukuu. Jumamosi zile tatu niliendelea kumpa salamu, nikiuliza mambo mapya ili nione atabuni nini. Jioni nilichonga fremu kwa mbao za kreti, nikaipiga msasa kwa chuki, na nakiri ilikuwa raha.

"Soma basi, mkuu!" Tikhon akapaza sauti. "Au miwani umeipika?"

Macho yote yalikuwa kwake, akasoma. "Mama amefariki tarehe tatu Aprili. Tunamzika Jumapili. Lida."

Tikhon akaweka kijiko chini.

"Viazi alipanda nani, Arkadi Savelich?" nikauliza.

"Rodya, mwanangu, meli inakuja Desemba. Ungekwenda wapi? Nimeshaona mtu akipata habari kama hii, akatoka nje, hakurudi. Nilikulinda."

"Ulinilinda nisimlilie mama yangu."

Hadi Desemba hakuna aliyekaa naye kula. Hilo halikunitosha. Tangu turudi nyumbani, kila Juni ishirini na moja, siku ya sikukuu ile, nilimpelekea telegramu moja tu: Mama hajambo. Amepanda viazi. Anakusalimia. Miaka kumi na minne, hakujibu hata mara moja.

Mwaka huu jibu limekuja, limetumwa na binti yake.

"Baba hajambo. Amepanda viazi. Anakusalimia."

"Habari njema?" tarishi akaniuliza mlangoni.

"Amefariki," nikamwambia, nikatia saini.