Soli za Kinyozi

Jumamosi saa nne asubuhi Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nyuma ya duka la vipuri, mita ya gari jeupe ikiwa mezani juu ya taulo. Alikuwa ameshatoa kioo na kuinua mshale kwa kijiko cha chai, maana bisibisi huacha alama. Chini ya mshale kulikuwa na vigurudumu sita vya namba, kila kimoja chembamba kama kifungo cha shati. Vilisomeka kilomita laki moja na themanini na saba elfu. Alivizungusha kimoja kimoja kwa sindano ya kushonea magunia mpaka vikasomeka sitini na nne elfu, akapuliza vumbi, akarudisha mshale.

Hakuwahi kushika mkasi maishani mwake. Jina alipewa na chama, kwa kuwa katika chama kupunguza kilomita kuliitwa kunyoa. Mara moja moja mtu aliyelisikia jina hilo barabarani aliingia na kichwa chake akitaka huduma, akaelekezwa mtaa wa pili.

Chama kilikuwa cha wenye magari madogo ya spoti, ya milango miwili na viti viwili. Yalitengenezwa miaka thelathini iliyopita kwa ajili ya vijana wasio na uwezo mkubwa, na sasa yalikuwa mikononi mwa vijana hao hao, wakiwa na vitambi na miwani. Kila Jumamosi waliyapanga uani, wakafungua maboneti na kusimama mbele yake mikono nyuma, kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Kutu walisameheana. Paa la turubai lenye kiraka walisameheana. Sifa iliyowafanya wanyamaze ilikuwa neno moja tu, "halijaguswa", na ushahidi wa neno hilo ulikuwa vile vigurudumu sita.

Mwenyekiti, ambaye alikuwa anauza gari hilo jeupe, alisimama pembeni na kikombe cha chai.

"Umelinyoa likanyoleka," akasema. "Limekuwa bwana harusi."

Kinyozi alipokaza skrubu ya mwisho alihisi ubaridi wa saruji kwenye unyayo wa kushoto. Akainua mguu. Soli ya kiatu ilikuwa imeisha, umebaki ukingo tu. Tangu saa mbili hakuwa ameondoka kwenye kigoda.

Alivuka barabara kwa kuchechemea hadi kwa fundi viatu, ambaye alikigeuza kile kiatu juani na kukisoma kama barua.

"Hiki kimepita kwenye kokoto nyekundu," akasema, "halafu lami ya zamani, halafu kokoto tena."

"Nilikuwa nimekaa."

"Basi umekaa mwendo mrefu, mzee mwenzangu."

Katika wiki mbili Kinyozi alimaliza jozi saba. Mkewe alifagia chini ya meza ya chakula vumbi jekundu ambalo halikuwa la mji ule, akamwomba awe anakung'uta suruali mlangoni kabla ya kukaa. Soksi zake zilinasa mbegu za nyasi. Mkono wake wa kulia ukaungua jua mpaka kwenye kiwiko, kama wa dereva anayeuegemeza dirishani. Yeye alikuwa mtu wa daftari, akapiga hesabu. Soli nzuri huenda kilomita elfu moja na mia tano. Alizoziondoa zilikuwa laki moja na ishirini na tatu elfu. Jozi themanini na mbili.

Magari mengine thelathini aliyowahi kuyanyoa hayakumsumbua, na alipofungua kurasa za nyuma aliona sababu. Kwenye hayo alipunguza elfu ishirini, elfu thelathini. Hili lilikuwa la kwanza ambalo alichokiondoa kilizidi alichokiacha. Kilomita zile zilikuwa zimeshasafiriwa kweli, na kwa kuwa hazikuandikwa tena popote, zilikuwa zimejiandika kwake. Alilipokea jambo hilo kama watu wa umri wake wanavyoupokea ugonjwa wa sukari. Alinunua viatu vya askari.

Jumapili ya tatu gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba yake, paa limekunjwa. Ndani alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mkunga aliyestaafu mwaka ule. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amebebwa kwenda kuzalisha kwa lori, kwa baiskeli na kwa trekta, na malipo yake ya kustaafu yote aliyatia kwenye gari la viti viwili. Alieleza kwamba akiwa na lenye viti vinne angeombwa kila siku kubeba watu, na yeye alikuwa ameshachoka kupokea watu. Kiti cha pili kilikuwa cha mkoba wake.

"Elfu sitini na nne tu, shemeji," akamwambia Kinyozi. "Halijaguswa."

Alikuwa mtu wa kadi. Kilichoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa alikiamini kuliko maneno ya mgonjwa, na kitabu cha gari alikuwa amekisoma kwa moyo huo huo. Mkanda wa injini hubadilishwa kwenye laki moja, akasema, kwa hiyo alikuwa na elfu thelathini na sita za kustarehe. Jumamosi angekwenda na chama kupanda milima na kuteremka upande wa pili.

Kinyozi alikunywa chai yake bila kuionja. Mkanda ule ulikuwa umepitisha laki moja zamani. Ukikatika kwenye mteremko injini huzima, breki huwa ngumu kama ukuta, na kona hazisubiri.

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti kuuliza kama mkanda uliwahi kubadilishwa. Mwenyekiti alisema hakumbuki, kwa sauti ya mtu anayekumbuka. Kinyozi akaomba ubadilishwe basi, kimya kimya.

"Nani anabadilisha mkanda wa elfu sitini na nne?" mwenyekiti akamuuliza kwa upole. "Watu wataanza kuuliza."

Jumamosi magari kumi na moja yalikuwa yamejipanga, injini zinaunguruma. Kinyozi alifika akiwa peku, kwa sababu viatu vya askari vilikuwa vimeishia getini. Akasimama mbele ya gari jeupe.

"Shemeji, zima gari. Namba hiyo niliiandika mimi."

Mkunga alizima. Injini nyingine zikazimwa moja baada ya nyingine. Kinyozi alisema namba ya kweli, akasema na habari ya mkanda na ya soli. Mkunga alishuka, akamkalisha kwenye boneti, akauinua mguu wake na kukibonyeza kisigino kwa kidole gumba. Kinyozi akakaza ugoko.

"Usijikaze. Nimewashika waliojikaza kuliko wewe." Akaangalia sugu, akaangalia kucha. "Mguu huu una laki moja na ishirini na tatu. Mguu hausemi uongo."

Kisha akawageukia wanachama na kuwauliza na ya kwao yana ngapi. Kila mmoja aliangalia boneti yake.

Mwenyekiti ndiye aliyezungumza, na alizungumza vizuri. Alisema mkanda utabadilishwa leo hii, yeye mwenyewe atasimamia. Alisema pia kwamba magari haya hayana thamani nyingine isipokuwa ile inayosomeka kwenye kioo. Ikirudishwa namba ya gari moja, wanunuzi watataka kujua ya kumi yaliyobaki. Na gari jeupe lenye laki moja na themanini na saba, akaongeza akimwangalia mkunga kwa huruma, hakuna atakayelinunua, hata kwa chuma chakavu.

"Naweza kuzirudisha kilomita sasa hivi," Kinyozi akasema. Kijiko kilikuwa mfukoni. "Dakika ishirini. Zikirudi kwenye kioo, zitaniacha."

Wote wakamwangalia mkunga. Yeye aliangalia kiti cha pili, ulipokuwa mkoba wake, akaangalia na miguu ya shemeji yake. Alichukua muda ambao kwa kawaida aliutumia kuhesabu mapigo ya moyo.

"Acha kwanza, shemeji," akasema. "Viatu nitakuletea."

Wanachama wakaona ni jambo la heri, wakapitisha kwa kunyoosha mikono kwamba kila mmoja atatoa jozi moja kwa mwaka. Mkanda ulibadilishwa siku hiyo hiyo. Ulikuwa umebaki na nyuzi nne. Wiki iliyofuata walipanda milima, gari jeupe likiwa la tatu kwenye msafara, na wote wakarudi salama.

Tangu hapo mkunga huja kila Jumamosi na kadi. Huandika tarehe, jozi na hali ya visigino, na chini huandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Fundi viatu ameongeza chumba.

Mwezi uliopita mwenyekiti alileta mita ya gari la kijani. Aliiweka mezani juu ya taulo, na kando yake akaweka viatu vipya, soli nene. Kinyozi alivigeuza, akazibonyeza soli, akauliza mwenye gari anataka ibaki ngapi. Akaambiwa. Akavaa kimoja, akavaa cha pili, akafunga kamba mafundo mawili mawili kama mtu mwenye safari ndefu, kisha akakaa.