Nani Anakudai?

Verediana alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka la mchele la Bi Chiku, mtaa wa Mlandege mjini Iringa, watu wawili mbele yake, akisoma tena ujumbe ambao tayari alikuwa ameukariri. Ulitoka Dar es Salaam kwa Nasrin, mpishi wa harusi.

"Dada Vere, mwezi huu nina harusi sita. Nataka gunia kumi za mchele wa Rujewa, ule ule ulionionjesha. Usipofika Ijumaa jioni nachukua kwa mwingine, na nikishahamia kwa mwingine huwa sirudi."

Leo ilikuwa Jumatano.

Verediana alikuwa muuza mchele asiye na mchele. Duka lake lilikuwa simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, na mapambo ya duka yalikuwa picha za wali unaofuka mvuke, alizozipiga kwenye dirisha la chumba chake cha kupanga kule Kihesa kwa sababu ndiko mwanga ulikokuwa mzuri. Wafuasi elfu moja na kitu. Mteja akiagiza kilo ishirini, anakimbia sokoni ananunua kilo ishirini, anazifunga, anazipandisha basi la Dar. Faida yake ilikuwa ya kununua bando na sabuni. Nasrin ndiye mtu wa kwanza kumtajia neno gunia, na magunia kumi, kwa bei ya wiki hiyo, yalikuwa milioni mbili na laki mbili. Verediana alikuwa na laki moja na themanini. Alikuwa pia na mbuzi kijijini kwa mama yake, ila mbuzi huyo mama hakuwa na habari kwamba ni wa Verediana.

Benki alikwenda wiki iliyopita. Kijana mwenye tai aliingiza namba ya kitambulisho chake kwenye kompyuta, akatazama, kisha akaigeuza skrini kidogo ili yeye asiione. "Dada, jina lako huku linasoma vibaya," alisema kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa. "Kuna mkopo wa Mbeya uliachwa." Verediana akamshukuru, akaondoka na ile fomu tupu kwenye mkoba.

Mikopo ya kwenye simu nayo ilimkataa, isipokuwa mmoja. Huo ulikubali upesi mno, ukataka urudishwe baada ya siku saba pamoja na theluthi juu yake, na ukaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu. Verediana alijua majina hayo huwa yanafanyiwa nini. Ukichelewa siku moja tu, kila uliyewahi kuwa na namba yake anaandikiwa kwamba wewe ni tapeli, na majina ya kwenye simu ile ndiyo wateja wake wote. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha kukubali kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri. Mwishowe akaizima simu, akaiweka chini ya mto.

Ndipo akabaki Bi Chiku.

Bi Chiku hakopeshi hela. Anatoa mali kauli: unachukua magunia, unauza, unamletea chake, faida yako unabaki nayo. Riba hakuna, karatasi hakuna, kitambulisho hana haja nacho. Anauliza swali moja tu, na Mlandege nzima inalijua: nani anakudai? Unamtaja mtu mmoja, naye anampigia palepale wewe ukiwa umekaa mbele yake. Waliowahi kumpelekea wadhamini wa kuwasifia walirudishwa pamoja na wadhamini wao. Sifa, aliwaambia, waende wakaimbiwe harusini.

Kwa kuwa swali lilijulikana, Verediana alikuwa amelitafutia jibu. Happy, jirani yake wa chumba cha pili, alikubali kujifanya anamdai elfu themanini. Walifanya mazoezi jana yake huku wakimenya viazi, na Happy alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Anayefuata," ikasikika sauti kutoka ndani.

Bi Chiku alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, amejitanda kanga juu ya sweta zito, miwani ikining'inia kwa kamba. Mbele yake palikuwa na gunia lililofunguliwa mdomo. Alichota punje chache, akazitafuna zikiwa mbichi kana kwamba ni karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Unataka ngapi?"

"Kumi."

"Una mnunuzi au una ndoto?"

Verediana akampa simu asome ujumbe wa Nasrin. Bi Chiku akavaa miwani, akausoma mpaka mwisho. "Huyu ana kazi zake, hana muda wa porojo," akasema. "Vizuri. Haya, nani anakudai?"

"Happy. Jirani yangu Kihesa. Elfu themanini."

Simu ikapigwa, ikawekwa spika juu ya gunia. Happy akapokea kabla haijalia mara ya pili, kosa la kwanza. "Ah, Vere? Mwaminifu sana huyo mama, ananilipa kidogo kidogo, yaani mimi hata sina wasiwasi. We mpe tu, mama."

"Ulimkopesha za nini?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Ikasikika sufuria ikifunikwa. "Za... za ada," Happy akasema.

Bi Chiku akakata simu. "Una mtoto?"

"Sina."

"Ada ya nani?"

Verediana alitazama mikono yake.

"Mimi nimedai watu miaka thelathini," Bi Chiku akasema, wala hakupandisha sauti. "Anayedai elfu themanini zake hawezi kusema hana wasiwasi. Na hawezi kunihimiza nikupe mali yangu kabla hajapata yake. Kwaheri binti. Niitie anayefuata."

Hapo ndipo mtu mwenye aibu huinuka. Verediana aliwaza Ijumaa, akawaza Nasrin akihamia kwa mwingine, akawaza miaka mingine miwili ya kilo ishirini ishirini. Miguu ilikuwa tayari kusimama, mdomo ukawahi.

"Yupo mwingine," akasema. "Wa kweli. Yuko Mbeya."

Akaeleza, akianzia katikati, akirudi nyuma, akijikwaa. Miaka miwili iliyopita alikuwa akiishi huko huko, mtaa wa Ilomba, katika kikundi cha mkopo cha wanawake watano, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Alichukua milioni moja na laki mbili akanunua belo la mtumba lililofungwa, lililoandikwa masweta. Alipolifungua zikatoka nguo za kuogelea. Mbeya, mwezi wa saba, watu wanaota moto. Aliuza tatu. Marejesho yalikuwa kila Jumanne, na Jumanne ya sita hakwenda kikaoni. Alipanda basi la Iringa na begi moja. Kwa kuwa aliyetia sahihi ya kwanza kumdhamini alikuwa Marta, mshonaji, watu wa mkopo walikwenda kwa Marta wakabeba cherehani yake. Marta alikuwa akilisha watu wanne kwa cherehani hiyo.

"Ulimwambia unaondoka?"

"Hapana."

"Akipiga unapokea?"

Verediana aliigeuza simu kifudifudi pajani. Bi Chiku akanyoosha kiganja. "Namba."

Ilibidi aitafute kwenye orodha ya namba alizozifungia. Bi Chiku aliinama akaona jina lilivyoandikwa: Marta Usipokee. Alilitazama jina hilo, kisha akamtazama mwenye simu. "Mfungulie kwanza," akasema. Verediana akamfungulia, akahisi kama ameacha mlango wa nyumba wazi.

Safari hii Bi Chiku hakuweka spika. Aliingia na simu yake nyuma kabisa, kati ya magunia, akampa mgongo. Verediana aliyasikia maneno machache tu. Ee. Ee. Ya kukanyaga kwa mguu? Ee, nakusikia mama. Baada ya hapo Bi Chiku alisikiliza tu, na huko Mbeya mtu alikuwa akisema kila kitu. Verediana alihesabu magunia ukutani, akapotea, akaanza upya. Alitamani Marta amtukane, yaishe. Alitamani pia Marta asiwe amenunua cherehani nyingine, kisha akajionea kinyaa kwa kutamani hivyo, maana kisa chake ni kwamba deni lingeonekana bado halijafa, na Bi Chiku alitaka mdai wa kweli.

Bi Chiku alirudi, akaketi, akapangusa miwani kwa ncha ya kanga.

"Amesemaje, mama?"

"Vuka barabara pale, kwa yule mama ntilie, unywe chai. Nikishaswali adhuhuri nitakujibu."

"Lakini amesema..."

"Nimesema ukanywe chai."

Alivuka. Chai ikaja, ikaanza kutanda utando juu, hakuigusa. Kutoka pale aliweza kuuona mlango wa duka, na kirikuu ya kubebea mizigo iliyoegeshwa kando ikiwa tupu, na makuli wawili wamekalia ubavu wake wakibishana mpira. Akajiambia kwamba kama jibu lingekuwa ndiyo, angepewa palepale. Akaanza kumwandikia Nasrin: Samahani dada, mwezi huu. Akafuta. Akaandika tena. Alikuwa amefika kwenye neno mzigo wakati ujumbe ulipopotea na skrini nzima ikajaa jina.

Marta Usipokee.

Simu ililia. Namba ile alikuwa ameipa jina hilo mwenyewe, na kwa miezi mingi kabla ya kuifungia alilitii kama amri ya daktari. Mlio wa pili. Mama ntilie akamtazama. Wa tatu. Kidole kilijua njia ya kwenda kwenye kile kitufe chekundu. Kilikuwa kimeizoea kuliko njia ya kwenda mdomoni. Aliogopa. Aliogopa ile sauti kuliko alivyoiogopa benki na Ijumaa na Nasrin, na alipoliona hilo wazi namna hiyo, mlio wa nne ukiwa katikati, akapokea.

"Shikamoo, dada Marta."

Upande wa pili kuku walikuwa wakilia, na Verediana aliujua ule uwanja, aliijua na kamba ya kuanikia.

"Vere," Marta akasema. "Kumbe u mzima."

"Mzima, dada."

"Miezi ya kwanza nilikuwa nakupigia kwa ajili ya cherehani. Nitakudanganya nini, nilitaka nikutukane. Baadaye nikawa napiga nijue tu kama hujafa. Mtu anaondoka na begi moja, hapokei, wewe ungewaza nini?"

Verediana alilia. Hakujificha, na mama ntilie, mwenye busara zake, akageuka kuosha vikombe. Alitaka kusema samahani, lakini lilimtoka neno jingine. "Nitakulipa."

"Sijakuuliza hilo. Cherehani yangu naitaka, na nitaidai mpaka uilete, hilo lijue. Nashona kwa mashine ya kuazima siku mbili kwa wiki." Akakohoa. "Huyo mama wa mchele kaniuliza akupe au asikupe. Nimemwambia mimi Vere wa sasa simjui, nimwambie nini? Nikamwambia, ngoja nimpigie. Akipokea nitakurudia nikwambie mpe. Asipopokea usingoje simu yangu."

Verediana alijifuta machozi kwa kiganja.

"Umenichelewesha," Marta akasema. "Nilikuwa nakaribia kukata."

Akakata.

Ng'ambo ya barabara Bi Chiku alitoka mlangoni na msala umekunjwa kwapani, simu sikioni. Alisikiliza kwa muda mfupi, akiitikia kwa kichwa, kama vile aliye Mbeya anaweza kumwona. Kisha akaishusha simu, akamtafuta Verediana kwa macho mpaka akampata, na bila kumwita akawageukia makuli, akawaonyesha vidole vyote kumi. Wakaruka chini, wakashusha mlango wa nyuma wa kirikuu.

Verediana alilipa chai ambayo hakuinywa. Kabla ya kuvuka alifungua simu, akalifuta neno la pili kwenye jina lile, likabaki Marta peke yake.