Nyumba Iliyomfuata Mwenyewe

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, mwaka 1998, wanafunzi wa chuo kikuu walishuka kwenye lori huko Heru Juu wakiwa na ndoo mpya, majembe mapya na fulana zilizoandikwa TUWAJIBIKE. Walikuja kukandika nyumba ya mtu asiyejiweza kabla mvua hazijashika. Mwalimu wao, Bwana Stanislaus, alikwisha kuwaeleza kwamba uwajibikaji kwa jamii haufundishwi kwa chaki, na kwamba atakayekosa safari atakosa maksi. Hakuna aliyekosa.

Walichaguliwa nyumba ya Bibi Ininahazwe. Udongo ulikuwa umebanduka na fito zinaonekana, tena ilikuwa kando ya barabara, mahali pazuri pa kupigia picha. Mwenyewe hakuwapo. Alizaliwa Burundi, akavushwa mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, akaolewa na Muha wa hapo kijijini, akamzika mumewe nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Mwaka uliotangulia, msako wa kuwakusanya Warundi kambini ulipopita, aliulizwa alizaliwa wapi, naye akasema kweli. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini lori la msako halikuwa la Mungu.

Hilali, kiongozi wa wanafunzi, alikuwa amekwisha kukanyaga udongo ukalainika. Jirani aitwaye Obedi alisimamisha baiskeli.

"Vijana, mwenye nyumba hayupo."

"Tunajua, mzee. Ndiyo maana tunamsaidia."

"Kusaidiana ni kuzuri. Ila huku kwetu kiganja cha kwanza cha udongo anaweka mwenye nyumba. Mkimtangulia, nyumba itaenda kumtafuta."

Hilali aliitikia kwa adabu, maana alilelewa vizuri kwao Tanga, kisha akabandika udongo ukutani.

Nyumba ikainuka. Haikufanya fujo. Ilijikung'uta vumbi, ikang'oa nguzo zake taratibu kama kuku anayenyanyuka kwenye mayai, ikashika barabara ya kambini. Bwana Stanislaus alitazama saa, akasema ratiba haijaharibika, akaamuru ndoo zirudishwe kwenye lori, waifuate. Waendesha baiskeli waliokuwa wakipeleka maharage sokoni Kasulu walishuka wakaipisha. Waliokuwa wakiifahamu waliisalimia, "Mwakeye," wakaendelea na safari.

Mwanafunzi mmoja, Herieth, alitembea kwa miguu karibu na mlango. Aliona chungu bado kiko juu ya mafiga, na kanga ya mwenye nyumba bado iko kwenye kamba. Alilia, wala hakujificha.

Kwenye kizuizi cha kambi askari aliinyoshea nyumba mkono isimame.

"Hii ni ya mkimbizi?"

"Hapana, afande," alisema Hilali. "Ni ya Heru Juu."

"Basi haiingii. Humu ni kwa wakimbizi."

Bibi Ininahazwe alikuwa amekwisha kuitwa. Alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge, akaitazama nyumba yake kuanzia juu hadi chini.

"Umekonda," aliiambia. Kisha akamgeukia askari. "Mwanangu, kama yeye haingii, basi nitoke mimi."

"Wewe ni mkimbizi, mama. Mkimbizi hatoki."

"Basi mkono tu upite."

Askari alifikiri. Hakukumbuka amri yoyote iliyotaja mkono. Bibi akaupitisha juu ya mti wa kizuizi, akachota udongo kwenye ndoo aliyosogezewa na Herieth, akaubandika kando ya mlango na kuulainisha. Nyumba ikatulia, ikakaa chini palepale, mlango ukielekea kambini.

"Haya, kandikeni, wanangu. Anzeni chini, mvua hurukia huko."

Wakakandika kwa moyo wote hadi jioni. Kwa kweli nyumba ilipendeza. Wakati wa kunawa, Herieth alimsogelea mwalimu.

"Mwalimu, na Bibi je?"

"Yeye hayumo kwenye mradi," alisema Bwana Stanislaus. Hakuwa mtu mbaya, na alilisema hilo kwa huzuni.

Ilipigwa picha, askari naye akiwemo. Lori lilipowashwa, mvua ikaanza. Bibi Ininahazwe alijifunika kitenge kichwani, akasimama upande wake wa kizuizi. Kutoka hapo aliweza kuona kitanda chake.

Kibanda cha askari kilikuwa kinavuja. Alivumilia kidogo, kisha akavua kofia.

"Mama, naomba nijikinge humo ndani."

"Karibu, mwanangu. Futa miguu."

Askari akafuta miguu, akaingia, akaurudishia mlango kwa sababu ya manyunyu. Bibi akabaki mvuani, akikagua kuta kama kuna mahali panapovuja.