Mkaguzi na Dawa Ijuayo Njia

Mzee Mkaguzi alikuwa amestaafu kazi ya kukagua shule, lakini kukagua hakukumstaafu yeye. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajaketi ameshaipa alama. Pazia limekaa upande. Mtoto mkubwa hajui kusalimia. Chai imechemka ikapitiliza. Hakugomba na mtu. Alitazama tu, mdomo kaubinua kama aliyenusa maziwa yaliyochacha, kisha akagonga sakafu kwa fimbo yake. Waliomjua walijua hapo mtu ameshafeli.

Aliyefeli kuliko wote alikuwa mke wa mwanawe. Mwanamke huyo alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo karibu na kituo cha basi, na Mzee hakuwahi kumsamehe mwanawe kwa kuwaruka walimu na makarani wote wa mji akaenda kuoa mtu anayeshikashika vichwa vya watu. "Kazi gani hiyo ya kuchezea nywele," alikuwa akisema, na msusi mwenyewe yupo hapo anamwekea maji ya kunawa. Msusi alinyamaza. Kunyamaza kwake nako Mzee alikupa alama ndogo.

Basi uvimbe uliomtoka pajani ukapimwa, ukaonekana ni saratani, tena imeshatuma vijumbe mapafuni. Mkewe alikuwa marehemu. Mwanawe alikuwa baharia, yuko melini miezi na miezi. Wa kumpeleka hospitali akabaki yule yule msusi.

Daktari alikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, na Mzee alimhesabia.

"Mzee wangu, dawa yenyewe ni ya zamani na ni kali," Daktari alieleza. "Tunachofanya ni kuifunga ndani ya vifuko vidogo vya mafuta. Vidogo mno. Ukichukua unywele mmoja, kwenye unene wake tu unaweza kupanga vifuko karibu elfu moja."

"Unywele upi?" msusi akauliza. "Maana zinazidiana unene."

"Daktari hajakuuliza," Mzee akamkata.

Daktari alitabasamu, akaendelea. Mishipa ya damu ya uvimbe, alisema, imejengwa ovyo, ina matundu. Mishipa mizima haina. Kwa hiyo vifuko vitapita ndani ya mishipa mizima bila kutoka, na vikifika penye uvimbe vitapenya matunduni na kuishusha dawa hapo hapo. Juu yake vimevikwa koti ili walinzi wa mwili wasivitambue. "Kwa ufupi, hii ni dawa inayojua njia."

"Inajua njia," Mzee alirudia polepole. "Haina macho, haina miguu, inajua njia. Mimi nimekagua watu waliosomea ualimu, na nusu yao hawakuijua njia ya kwenda darasani."

Baada ya hapo aliingia muuguzi, mama mnene mchangamfu, akaeleza mambo ya kuchunga nyumbani: asinawe maji ya moto, asivae viatu vya kubana, asisugue ngozi, asikamate kitu kwa nguvu. Mzee hakusikia hata neno. Muuguzi alikuwa akitafuna chingamu, na kwa Mzee, mtu anayetafuna huku anaongea hakuwa na la kumwambia mtu mzima. Alikazia macho kalenda ya ukutani iliyoning'inia upande. Jioni msusi alijaribu kumrudishia maelezo yale, akajibiwa, "Na wewe sasa umekuwa daktari?"

Siku ya dawa alilazwa kwenye kiti cha kuegemea, chupa ya maji mekundu ikatundikwa juu yake. Matone hayajafika mbali, uso ukamwaka moto, kifua kikambana kana kwamba mtu amekikalia, mgongo ukamuuma vikali. Muuguzi alifika mbio, akafunga mrija, akamwekea hewa puani. Msusi alimshika bega, naye hakuwa na pumzi ya kumwambia aondoe mkono.

Ilipopoa, Daktari akasema, "Walinzi wa mwili wako wamevishtukia vifuko. Hutokea, hasa mara ya kwanza. Tutarudia polepole."

"Kwa hiyo mwili wangu una akili kuliko koti lako."

"Kwa leo, ndiyo."

Dawa ikarudishwa tone kwa tone mpaka ikaisha. Mzee alirudi nyumbani amechoka lakini kichwa juu, na kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa jinsi mwili wake ulivyoifelisha dawa ya kisasa.

Ushindi huo haukudumu. Baada ya dawa ya tatu viganja vyake vilianza kuwasha, vikawa vyekundu, vikavimba. Mara ngozi ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta uliokula unyevu, na nyayo nazo zikafuata. Kijiko kilimchoma. Vifungo vya shati vilimshinda kabisa. Ikawa kila asubuhi msusi anapita kwanza kwake kumvisha, ndipo aende kufungua saluni.

Na kila asubuhi alipewa alama.

"Unavuta. Kola imepinda. Ajabu, mtu anasuka vichwa vya mji mzima, kifungo kinamshinda."

Asubuhi ya kliniki msusi alikuwa amefika katikati ya kifua aliposikia hivyo. Mikono yake ikasimama. Akaiondoa taratibu.

"Sawa, baba," alisema, wala hakupandisha sauti. "Mimi sijui kufunga vifungo. Tumsubiri anayejua."

Akachukua mkoba wake, akaenda kusimama mlangoni. Mzee alijaribu mwenyewe, vidole vikamwaka. Alijaribu kwa meno, kola haikufika. Gari lilikuwa linangoja nje. Akatoka hivyo hivyo.

Ukumbi wa hospitali ulikuwa umejaa watu. Mzee aliketi kwenye benchi, kifua wazi, mvi za kifuani zinachungulia, mkono kauweka mbele kama anayezuia upepo. Mwanamke mmoja wa makamo alimtazama juu mpaka chini, akambetulia mdomo, akahamia benchi la pili. Jicho lile Mzee alilijua vizuri. Alikuwa amelitumia maisha yake yote. Kutazamwa nalo hakukuzoea.

Akamgeukia msusi.

"Mkwe," akasema kwa sauti ya chini. "Naomba unifungie."

"Na kola je?"

"Kola iache ilivyo."

Msusi akamfunga, kifungo baada ya kifungo.

Chumbani Daktari aliigeuza mikono ile. "Wa kulia umeharibika zaidi. Unashika nini, mzee?"

"Sishiki kitu."

Fimbo ilikuwa mkononi. Daktari aliitazama, akamtazama mwenyewe. "Mahali panapobanwa, vimishipa vya ngozi huachia, vifuko vikavuja hapo. Hukuelezwa?"

"Hakuna aliyenieleza."

"Alielezwa," alisema msusi. "Nilikuwepo. Na nyumbani nilimrudishia."

"Daktari hajakuuliza."

"Sasa namuuliza," Daktari akasema. "Dada, hiyo fimbo huwa anaishikaje?"

"Kama anayeinyonga."

Muuguzi aliangua kicheko pale penye kabati la dawa, chingamu nusura imtoke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Lakini Mzee alikuwa mkuu kwa miaka mingi mno, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa guu lenyewe laweza kuwa lake. Akatafuta pa kuuelekeza moto wake.

"Wewe kijana ulisema dawa inajua njia. Huku viganjani imefuata nini?"

Daktari alijikuna ndevu. "Nilipamba maneno. Haijui njia. Damu ndiyo inayoibeba, inaisambaza kila mahali. Nyingi inakamatwa kwenye ini na wengu. Inayofika kwenye uvimbe ni kidogo tu."

"Basi umefeli," Mzee akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajisikia nafuu.

"Lakini uvimbe umepungua, mzee." Akamwonyesha picha mbili, ya zamani na ya sasa. Hata mtu wa kukagua alikosa pa kushikia.

Dawa ikapunguzwa, siku za kuichoma zikaachanishwa. Fimbo ikapigwa marufuku. Mzee akawa anatembea kwa kuegemeza mkono wake juu ya mkono wa msusi bila kuukamata, huku akimsengenya muuguzi kwa kutafuna kazini.

"Punguza, baba," msusi alimwambia. "Anayeshika sindano ni yeye."

Viganja vilipona. Uvimbe haukuisha wala haukukua, na Daktari alisema hiyo nayo ni riziki. Siku za kliniki msusi hakuweza tena kufunga saluni tangu asubuhi, kwa hiyo Mzee alikaa humo akimngoja, kwenye kiti cha pembeni, akiwabinulia mdomo wateja mmoja mmoja. Wakamzoea.

Siku moja alimnyooshea kidole mwanamke aliyekuwa anasukwa. "Mstari wa nyuma umepinda."

Mteja akacheka. Msusi akainama kuangalia, akaangalia tena. Ulikuwa umepinda kweli. Akaufumua, akaanza upya.