Majibu ya Watu Mia wa Mkata

Shamsia alitumia Jumamosi mbili kutafuta watu mia wa kujibu maswali matano, na mtu wa kwanza kabisa alimkatalia.

Alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipanga mihogo mafungu mafungu pembeni ya stendi ya Mkata. Shamsia alimwamkia, akajieleza kuwa yuko kidato cha tatu, akatoa karatasi na kalamu.

"Mnaandikisha nini tena?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Hatuandikishi mtu, mama. Ni mchezo tu wa shule."

"Mchezo? Mimi hapa naonekana nacheza?"

Mchezo wenyewe Mwalimu Deogratius, mwalimu wa taaluma, alikuwa ameuona kwenye semina Korogwe mjini, akarudi nao kama mtu aliyeokota dhahabu. Watu mia wanaulizwa swali. Majibu yao yanahesabiwa, yanaandikwa ubaoni kuanzia lililosemwa na wengi, kisha yanafunikwa kwa vipande vya karatasi. Siku ya mchezo timu mbili za wanafunzi zinakisia watu walisema nini. Kila jibu lina pointi sawa na idadi ya waliolisema. Ukitaja jibu ambalo halimo, unachorewa mkasi, yaani alama ya X. Mikasi mitatu, wapinzani wanapewa nafasi moja ya kujibu. Mwalimu alikuwa ameshaalika shule moja ya Kerenge, na mgeni rasmi angetoka Handeni.

Shamsia alitaka sana kucheza. Darasani hakuna aliyemzidi kwa wepesi wa kujibu. Lakini mwalimu akamwambia, "Wewe una mwandiko mzuri, utakusanya majibu. Na anayekusanya hachezi, maana atakuwa anajua kila kitu." Jambo hilo lilimkera, ila angesema nini?

Akakusanya. Dereva wa bodaboda aitwaye Jabiri alimshikilia karibu nusu saa kwa swali moja: ni kitu gani kinamchelewesha mwanafunzi kufika shule?

"Inategemea mwanafunzi yupi," Jabiri akasema. "Wa huku barabarani au wa kule ndani?"

"Yeyote, kaka. Jibu moja tu."

"Wewe unataka neno moja na mimi nina maneno kumi. Haya, andika umbali. Lakini andika pia kwamba nimeeleza."

Bibi Maryamu, Shamsia alimkuta kwenye foleni ya bomba, amekalia ndoo yake. Alipoulizwa swali hilohilo aliipiga ndoo kwa kiganja ikalia. "Si hii hapa? Andika maji, mjukuu wangu. Tena andika kwa herufi kubwa."

Shamsia akaandika kwa herufi kubwa. Naye mwenyewe alikuwa na ndoo mbili za kujaza kila alfajiri kabla ya kuvaa sare, na mara ngapi alikuwa ameikuta kengele imeshapigwa. Alipomaliza kuhesabu, maji yalikuwa yamesemwa na watu thelathini na wanane, umbali ishirini na sita, waliobaki wakatawanyika. Alihesabu mara tatu asije akaambiwa amekosea, kisha akapeleka karatasi zote ofisini.

Mwalimu Deogratius alizipitia akiwa amesimama. Alipofika swali la tano, lile la kuchelewa shule, akaurudia mstari mmoja kwa kidole.

"Maji thelathini na nane?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sawa. Ziache hapa."

Siku ya mchezo bwalo lilijaa mapema. Wazazi walikuja, na watu wa stendini nao walikuja, hasa wale walioulizwa, kwa sababu kila mmoja alitaka kusikia jibu lake likitajwa mbele za watu. Mgeni rasmi aliketi mbele na chupa yake ya maji. Timu ya Mkata iliongozwa na Angel, rafiki yake Shamsia tangu darasa la kwanza. Ya Kerenge iliongozwa na mvulana mrefu aitwaye Yordani. Shamsia alipewa kazi ya kusimama ubaoni na kubandua karatasi kila jibu linapopatikana. Ubao wenyewe mwalimu alikuwa ameuandika peke yake asubuhi na kuufunika.

Maswali manne ya kwanza yalikwenda vizuri sana. Walipoulizwa kitu ambacho abiria husahau kwenye basi, mchezaji mmoja wa Kerenge akajibu "mtoto", bwalo zima likacheka, na likawemo: watu watatu walikuwa wamelisema kweli. Hadi hapo Mkata walikuwa na pointi mia moja na tisini, Kerenge mia moja sabini na nane.

Likaja swali la tano. Mwalimu alilisoma kwenye kipaza sauti, na kabla hajamaliza Angel alishapiga meza.

"Kuchota maji!"

Mkono wa Shamsia ulikuwa umeshafika kwenye karatasi ya juu. Hakusubiri kuambiwa. Akabandua, akageukia watu akitabasamu, akashangaa kuona hakuna anayeshangilia. Akatazama ubao. Palikuwa pameandikwa: UVIVU, 40.

"Nani amekwambia ubandue?" mwalimu akauliza. "Rudishia hiyo karatasi. Kuchota maji halimo. Mkasi wa kwanza."

Shamsia akairudishia. Alidhani amesimama kwenye ubao wa swali jingine.

"Umbali," akasema mchezaji wa pili wa Mkata, akikataa kutumia jibu lililokwisha kuonekana.

"Halimo. Mkasi wa pili."

"Kazi za nyumbani?"

"Mkasi wa tatu. Kerenge, nafasi yenu."

Angel alimgeukia Shamsia na kumkazia macho, kana kwamba ndiye aliyeandika. Shamsia akatikisa kichwa.

Yordani alishauriana na wenzake kwa muda mrefu. Kila mtu mle ndani alikuwa ameliona jibu la juu. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Uvivu."

"Sahihi! Pointi arobaini!"

Wageni wakapiga makofi machache. Ndipo Bibi Maryamu akasimama katikati ya wazazi, mkono mmoja umeshika kanga begani.

"Samahani, mwalimu. Mimi niliulizwa na huyu mtoto. Nikamwambia maji. Na tuliokuwa kwenye foleni siku ile wote tulisema maji. Sasa huo uvivu kausema nani?"

"Hata mimi nilisema maji," sauti ya mwanaume ikatoka nyuma.

"Mimi umbali!" akapaza Jabiri. "Tena nilieleza!"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Mgeni rasmi akainua uso kutoka kwenye simu yake. "Kuna tatizo, mwalimu?"

"Hakuna, mheshimiwa. Wananchi wamechangamka tu." Mwalimu Deogratius akamgeukia Shamsia, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni. "Shamsia, wewe ndiye uliyekusanya. Haya ni majibu ya watu mia, siyo?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, kila mtu aende akanywe soda.

"Hapana, mwalimu. Maji yalikuwa thelathini na nane. Uvivu walisema wawili."

Mwalimu akacheka kidogo. "Mtoto amechanganya. Alikusanya mengi, tumpigie makofi kwa kazi nzuri." Makofi yakapigwa, matokeo yakatangazwa, Kerenge wakakabidhiwa mipira miwili mipya, na mgeni rasmi akahutubia kuhusu vijana kujituma. Bibi Maryamu hakungoja hotuba iishe, alitoka akijisemea kwa Kizigua.

Nje, wakati basi la Kerenge likigeuza, Yordani alimfuata Shamsia penye mlingoti wa bendera.

"Ni kweli walisema maji?"

"Nimeshasema mara moja mbele za watu. Unataka niape?"

"Sikulaumu. Nauliza tu, kwa sababu hata kwetu wangesema maji. Mto ukijaa hatuvuki, tunakaa nyumbani siku mbili."

"Sisi huku tunautafuta huo mto," Shamsia akasema, na hakutaka kucheka, lakini Yordani alipocheka naye akajikuta analegea kidogo. Kisha basi likapiga honi, mvulana akakimbia.

Angel alitembea hatua mbili mbele njia nzima. Walipofika njia panda ndipo akalipuka. "Ulikuwa umesimama pale na majibu, Sha. Usingeweza hata kukonyeza?"

"Majibu yale sikuyajua! Yangu siyo yaliyokuwa ubaoni."

"Lakini wewe ndiye uliyekusanya."

Shamsia alirudia kueleza mara mbili, akaona anapoteza pumzi, akashika njia ya kwao.

Jumatatu wakati wa mapumziko alikwenda ofisini. Alikuwa amepanga maneno ya heshima tangu usiku.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba zile karatasi zangu."

Mwalimu Deogratius alifungua droo, akamkabidhi bila ubishi. Shamsia akazifunua. Kwenye swali la tano, kila palipoandikwa maji au umbali palikuwa pamekatwa kwa kalamu nyekundu, karatasi baada ya karatasi, na juu yake uvivu au kosa jingine la mwanafunzi limeandikwa kwa mwandiko safi wa mwalimu. Hata lile la herufi kubwa.

"Mwalimu, umesahihisha majibu ya watu?"

"Shamsia, mgeni anakuja kwetu mara moja kwa mwaka. Akute ubao mzima unalalamika? Watasema shule imewachochea wazazi. Wewe hujui mambo haya." Hakusema kwa ukali. Alionekana amechoka. "Lakini nimejifunza. Mwaka kesho hatutauliza watu. Nitaandika majibu mwenyewe, tuepuke usumbufu."

"Huo utakuwa mtihani, mwalimu. Hautakuwa mchezo."

"Kengele imepigwa. Nenda darasani."

Kengele ilikuwa haijapigwa. Shamsia akazikunja karatasi, akazibana kwapani na kutoka. Jioni, alipomaliza kazi, alikaa kizingitini na daftari jipya, akaanza kunakili majibu yote mia ya swali la tano upya kama alivyoyasikia. Alipofika la ishirini na tatu kalamu ikaisha wino, akaitupa uani kwa hasira, kisha akaingia ndani kumwomba mdogo wake nyingine.