Nambari 417 na Rafu ya Uganga

Kamati ya maktaba ilikaa saa tatu nzima, ikanywa chai mara mbili, ikaamua jambo moja: rafu ya uganga ipunguzwe. Vitabu vilikuwa thelathini na vinane. Vibaki kumi na viwili, na kila kitakachobaki kiandikiwe sababu yake kwenye fomu. Mzazi mmoja alikuwa amelalamika kwamba binti yake kasoma kitabu cha nyota na tangu hapo hataki kuosha vyombo siku za Jumanne. Mwenyekiti aliwaogopa wazazi kuliko alivyoyaogopa majini, kwa hiyo akasema kazi hiyo aifanye mkutubi, tena iwe imekwisha kufikia Ijumaa.

Mkutubi watu walimwita Mkasi. Yeye alisema jina hilo limetokana na kazi yake ya kuchambua vitabu vilivyochakaa na kuviondoa. Waliomfahamu walisema limetokana na ulimi. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Hakuamini ramli wala nyota, na maazimio ya kamati aliyaamini kidogo tu. Hata hivyo kazi hii aliipokea kwa mikono miwili, maana rafu ile ilikuwa imemkera siku nyingi.

"Leo ndiyo leo," alimwambia Bi Mihuri Jumatano asubuhi, akibwaga rundo la kwanza kwenye kaunta. "Leo waganga wataaguliwa wao."

Bi Mihuri alikuwa amekaa kwenye kaunta ile kwa miaka ishirini na mbili, akigonga mihuri ya tarehe kwa nguvu za mtu anayeua mende. Alikuwa mcha Mungu, na vitabu vya rafu ile alivishika kwa leso.

"Utajuaje kipi kizuri na wewe huamini hata kimoja?" aliuliza.

Mkasi alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha na alijiona amepata jibu. Kila kitabu cha maktaba kilikuwa na mfuko wa karatasi ndani ya jalada la nyuma, na ndani ya mfuko kulikuwa na kadi yenye nambari za wanachama waliokiazima, pamoja na tarehe.

"Dawa ikiponya hairudiwi," alisema. "Mtu akiazima mara moja halafu asirudi, ama kitabu kimemfaa, ama amepata akili. Yote mawili ni heri. Akikiazima mara kumi, hicho kitabu ni tapeli. Kinatoka."

"Na vitabu vya mapishi je? Watu huazima kila mwezi."

"Njaa hurudi, Bi Mihuri. Mume aliyevutwa kwa uchawi anatakiwa atulie."

Akaanza kupekua. Kitabu cha kumrudisha mpenzi kwa siku saba kilikuwa kimeazimwa na nambari 203 mara kumi na tisa. Ama mpenzi hakurudi, alisema Mkasi, ama alirudi na kuondoka mara kumi na tisa, na hilo la pili ni baya zaidi. Kikaenda kwenye boksi. Kitabu cha kumjua mwizi kwa kupiga ramli hakikuonekana. Daftari lilionyesha kimeibwa miaka miwili iliyopita. Cha nyota na biashara kilimtaka msomaji afungue duka siku ya mwandamo wa mwezi, lakini hakikusema auze nini. Boksi. Kimoja kiliahidi utajiri, afya, mapenzi na kinga dhidi ya maadui, vyote katika kurasa sitini zenye maandishi makubwa. Mkasi alikinusa, akadai kinanuka harufu ya haraka, akakitupa.

Vizuri navyo vilikuwapo, na alivikubali bila kinyongo. Kulikuwa na kitabu kinene cha ibada za kale za miti, mito na mwezi. Mwandishi wake alikuwa ameketi na vikongwe tisa, akaandika walichosema, na pale walipobishana akauandika ubishi wote, mpaka pale mmoja alipomwambia mwenzake kwamba anatambika kama anayefua nguo. Kulikuwa na kingine cha ramli kilichotumia sura nzima kueleza ni lini mpigaji asipige: akiwa na hasira, akiwa na haja ya kulipwa, akiwa anajua jibu tayari. Mkasi alisimama akaisoma sura ile yote. Kitabu kinachokiri kwamba hukosea, alisema, kinastahili nafasi yake. Kufikia saa sita alikuwa amepata kumi na kimoja.

Ndipo alipochomoa kijitabu cha jalada la zambarau kinachofundisha mazoezi kumi na mawili ya kuzungumza na wafu. Kadi yake ilikuwa imejaa pande zote mbili, hata kadi ya pili ikabanwa juu yake kwa pini.

"Mama yangu wee! Bi Mihuri, njoo uone mwendawazimu. Nambari 417. Mara thelathini na nne! Kila wiki mbili, siku ya Alhamisi, bila kukosa." Alicheka mpaka akashika kaunta. "Mwenzetu huyo wa kaburini amekoma. Kila akijinyoosha apumzike: huyo, kapiga hodi tena! Mimi ningekuwa marehemu ningehama."

Bi Mihuri hakucheka. Aligonga muhuri kwenye karatasi isiyohitaji muhuri.

"Mwache huyo," alisema.

"Nimwache kwa nini? Huyu ndiye bingwa wa..."

"Nimekwambia mwache, dada."

Katika miaka ishirini na mbili Bi Mihuri hakuwahi kumwita dada. Mkasi alikwenda kabatini, akatoa daftari la wanachama, akashusha kidole mpaka mstari wa 417. Kazi: fundi wa mizani, mstaafu. Anwani: nyumba aliyozaliwa yeye. Na jina la ukoo lilikuwa lilelile analoliandika yeye kila siku chini ya kila fomu.

Alhamisi alasiri ndipo alipokuwa akienda kwenye kikao cha makao makuu. Baba yake alijua hivyo. Tangu mama afariki, mwaka mmoja na miezi kadhaa, Mkasi alikuwa akienda kwa baba kila Jumapili na mfuko wa viazi, akimchekesha saa moja, kisha anaondoka akiwaambia watu kwamba mzee yuko imara kama chuma. Mama hawakumtaja. Ilionekana ndiyo busara. Sasa alisimama na daftari mkononi, uso ukimwaka kwa aibu, na chini ya aibu kulikuwa na woga: huenda akili ya mzee ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, na yeye yuko pale anatoa vichekesho.

Siku ya pili yake hakwenda kikaoni. Alikitia kitabu mkobani, akaenda kugonga mlango wa baba.

Mzee alifungua akiwa amevaa shati la kutokea, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Leo si Jumapili," alisema baada ya salamu. "Kuna msiba?"

"Hakuna, baba."

"Basi ingia."

Sebule ilikuwa safi. Mawe ya mizani yalikuwa yamepangwa dirishani kuanzia kubwa hadi dogo. Mezani kulikuwa na viti viwili vinavyotazamana, kimoja kimevutwa nje kidogo, kama vile mtu amekwenda jikoni na anarudi. Mkasi aliweka kitabu cha zambarau juu ya meza. Baba alikitazama, kisha akalegeza kifungo cha juu.

"Bi Mihuri ana mdomo," alisema.

"Bi Mihuri hakusema kitu. Kadi ndiyo iliyosema. Baba, unayaamini haya?"

"Niamini nini? Ukurasa wa kumi na tisa unasema meza itatikisika. Meza hii nimeisawazisha mwenyewe kwa pima maji, hata uipande haitikisiki. Mshumaa niliuwasha siku moja tu, ukaunguza kitambaa cha mama yako kile cha maua. Wafu wangekuwa wanatokea, siku ile angetokea."

"Sasa mara thelathini na nne za nini?"

Mzee alikaa.

"Ukurasa wa arobaini na moja. Zoezi la tatu. Soma."

Mkasi alifunua, akasoma kwa sauti. *Keti. Kiti cha pili kiache wazi. Mwite marehemu kama ulivyokuwa ukimwita. Mweleze habari za siku yako, usiharakishe. Usingoje jibu.*

"Basi," baba alisema. "Mengine yote takataka. Lakini mtu akiongea peke yake ndani ya nyumba, majirani watasema kachanganyikiwa. Kitabu kikiwa mezani, nafanya zoezi."

"Si umelikariri?"

"Tangu mara ya pili. Lakini kitabu kina tarehe ya kurudishwa. Kila nikikichukua najiambia, wiki mbili hizi, halafu basi. Nafika pale kaunta, nakirudisha, naaga. Halafu nashindwa kutoka mlangoni, nakichukua tena. Wiki iliyopita nilijikaza nikatoka bila hicho; leo nilishavaa nikifuate." Alipangusa meza isiyo na vumbi. "Na wewe humtaji. Unaniletea viazi na vichekesho. Nakushukuru, nacheka. Ukiondoka namsimulia yeye."

Mkasi alitaka kusema neno la kuchekesha. Yalimjia matatu, mazuri yote, akayameza.

"Hajawahi kujibu?" aliuliza, akajichukia kwa kuuliza.

"Hata siku moja. Ila alipokuwa hai pia, nikiongea upuuzi hakuwa akijibu. Kwa hiyo sina hakika."

Mkasi alicheka, na kicheko kikageuka katikati, akajikuta analia. Alilia kwa sauti, vibaya, kama alivyopaswa kulia siku ya mazishi alipokuwa akihesabu sahani na kuwatania wapishi. Baba hakumbembeleza. Alimsogezea leso.

Alipotulia alitoa fomu ya kamati. "Nafasi imebaki moja."

"Usikiweke hicho. Ni kitabu kibaya."

"Kibaya kabisa," Mkasi alikubali, akaandika kwenye mstari wa kumi na mbili: *Kurasa zote ni takataka isipokuwa wa arobaini na moja. Kwa kuwa hatuwezi kuazimisha ukurasa, kitabu kibaki.*

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kamili. Mzee alikivuta kiti chake mbele.

"Mimi huanza saa hizi. Kaa au nenda, ni juu yako."

Mkasi alileta kigoda kutoka jikoni, akakaa ubavuni mwa meza, mbali na kile kiti.

"Mama watoto," baba alianza, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayevua viatu. "Leo tuko wawili. Binti yako kaja, tena siku ya kazi. Analia, lakini si mgonjwa." Akamweleza bomba la uani lililoanza tena kuvuja. Akamweleza mizani ya mwenye bucha, ambayo yeye huitengeneza sawasawa na mwenye bucha huiharibu tena makusudi. Alieleza bila haraka. Kisha akageuka. "Haya, zamu yako."

Mkasi, ambaye tangu ajue kusema hakuwahi kukosa la kusema, alikitazama kiti kile kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Wakakaa kimya wote wawili, watu wasioamini lolote, wakingoja aitikie.